Ibn Muqla: Waziri Aliyezipa Herufi Kipimo





Ndugu msomaji, katika toleo hili nimeombwa niandike juu ya mtu wa historia yetu ambaye kazi yake inagusa masomo tunayosoma chuoni. Mimi nasomea usanifu wa michoro na maandishi, na huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa katika kundi linalopanga kurasa za jarida hili na kutengeneza mabango ya jumuiya yetu. Darasani majina tunayoyasikia sana ni Gutenberg, Garamond na Bodoni. Ni watu wakubwa, na sina ugomvi nao. Lakini zaidi ya miaka 500 kabla ya Gutenberg kuchapa kitabu chake, alikuwepo mtu Baghdad aliyejiuliza swali ambalo kila mbunifu wa herufi analiuliza mpaka leo: nitajuaje kwamba herufi hii ina umbo sahihi, na nitamfundishaje mwingine aiandike vilevile? Mtu huyo ni Abu Ali Muhammad bin Ali, anayejulikana zaidi kwa jina la Ibn Muqla.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni elimu aliyotuachia. Ya pili ni maisha yake yenyewe, ambayo yana funzo kubwa kwa kijana yeyote mwenye kipaji na mwenye hamu ya cheo.

Kijana wa ofisi za Baghdad

Ibn Muqla alizaliwa Baghdad mwaka 272 Hijria, sawa na 885 au 886 Miladia. Hakuzaliwa katika nyumba ya mawaziri. Alianza kazi chini kabisa, kama karani wa serikali, na kwa muda alikuwa mkusanya kodi katika jimbo la Fars, kusini mwa Iran ya leo. Kisha akaingia katika ofisi za Baghdad chini ya waziri maarufu Ibn al-Furat, akakabidhiwa kazi ya kufungua na kutuma barua za serikali.

Tusilichukulie jambo hili kijuujuu. Dola ya Bani Abbas iliendeshwa kwa karatasi. Karatasi ilikuwa imeanza kutengenezwa Baghdad zaidi ya miaka 100 kabla yake, na kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ngozi, ofisi zilijaa maandishi: hesabu za kodi, amri, mikataba, barua za magavana. Qur'ani ilikuwa bado ikiandikwa kwa mwandiko wa Kufi, ule wenye herufi nzito zilizolala. Ni mwandiko wenye haiba kubwa, lakini si wa haraka. Makarani walihitaji mwandiko unaokimbia, na kila ofisi ilikuwa na mitindo yake. Matokeo yake yalikuwa miandiko mingi isiyo na kanuni moja. Karani mmoja aliandika vizuri kwa sababu Allah alimjaalia mkono mzuri. Mwenzake akaandika vibaya, wala hapakuwa na njia ya kumwonyesha kosa lake liko wapi. Uzuri ulikuwa jambo la jicho na bahati.

Hapo ndipo Ibn Muqla alipoingia.

Nukta, alif na duara

Njia yake ni nyepesi kueleza, na ndiyo maana imedumu. Chukua kalamu ya mwanzi iliyokatwa ncha bapa. Ichovye katika wino, iweke juu ya karatasi kwa mshazari, kisha ivute kidogo, kiasi cha upana wa ncha yake tu. Utapata alama yenye pande nne, kama mraba uliosimama kwa kona moja. Hiyo ndiyo nukta. Ukiwa na kalamu nene, nukta itakuwa kubwa. Ukiwa na nyembamba, itakuwa ndogo. Kipimo hakitoki kwenye rula, kinatoka kwenye kalamu yenyewe.

Sasa panga nukta hizo moja juu ya nyingine, kona kwa kona. Idadi fulani ya nukta inakupa urefu wa alif. Idadi hiyo hutofautiana kwa mtindo na kwa mwalimu. Walimu wengi huhesabu nukta saba kwa alif ya thuluthi na tano kwa alif ya naskhi. Ukishaipata alif, chora duara ambalo alif hiyo ndiyo kipenyo chake. Basi umeshapata mama wa herufi zote.

Tuziangalie herufi chache kama zilivyoelezwa katika mafundisho yanayonasibishwa kwake. Ba ni mstari mfupi uliosimama na mstari mrefu uliolala, na ukijumlisha urefu wa mistari hiyo miwili unapata alif moja. Dal ni mstari wa mshazari na mstari uliolala, na yote miwili kwa pamoja ni sawa na alif. Ra ni robo ya mzingo wa duara lile. Nun ni nusu yake. Jim ni mstari wa mshazari juu, na chini yake nusu duara ambalo kipenyo chake ni alif. Kila herufi ina hesabu yake, na hesabu zote zinarudi kwenye alif, na alif inarudi kwenye nukta, na nukta inarudi kwenye ncha ya kalamu.

Wanazuoni waliuita mwandiko huu al-khatt al-mansub, yaani mwandiko wenye uwiano. Neno lenyewe linatoka katika mzizi mmoja na neno nasaba. Kila herufi inajulikana jamaa yake na inajulikana inavyohusiana na nyingine.

Mimi nilijaribu jambo hili kwa kalamu ya rangi yenye ncha bapa na daftari la kawaida la mistari, na nakushauri ndugu yangu ujaribu. Andika ba kwa jicho tu, kisha weka nukta pembeni na upime. Utaona mara moja mkia umezidi wapi na kichwa kimepungua wapi. Badala ya kuambiwa tu kwamba mwandiko wako mbaya, unaambiwa umezidisha nukta moja na nusu. Hiyo ni elimu, kwa sababu inaweza kusahihishwa.

Wanaosomea usanifu wataona jambo jingine. Katika kompyuta, kila herufi ya fonti huchorwa ndani ya mraba wa kufikirika uliogawanywa vipande, mara nyingi 1,000 au 2,048. Vipande hivyo si milimita wala inchi. Ni sehemu za mraba wenyewe, ndiyo maana herufi ileile unaweza kuiweka kwenye kadi ndogo ya mwaliko au kwenye bango la ukutani bila umbo lake kuharibika. Wazo la kupima herufi kwa kipimo kinachotoka ndani yake lilikuwa likifanya kazi Baghdad katika karne ya 10.

Ni haki pia niseme kwamba Ibn Muqla hakuvumbua kila kitu peke yake. Mapokeo humtaja pamoja na kalamu sita maarufu, yaani thuluthi, naskhi, muhaqqaq, rayhani, tawqii na riqaa, lakini mbegu za mitindo hiyo zilikuwepo katika mikono ya makarani kabla yake, na nyingine zilikamilika baada yake. Ndugu yake, Abu Abdillah Hasan, naye alikuwa khatati hodari, na wapo waandishi wa zamani waliompa yeye sifa ya mwandiko huu. Jambo ambalo wengi wamekubaliana ni kwamba katika kizazi chao na katika nyumba yao mwandiko wa Kiarabu ulipata kanuni.

Uwaziri mara tatu

Lau Ibn Muqla angetosheka na kalamu, tungemaliza hapa. Lakini alitaka zaidi.

Mwaka 928 alikuwa waziri wa khalifa al-Muqtadir. Alidumu miaka miwili, akaondolewa mwaka 930, akafungwa, akatozwa mali, akapelekwa mbali Fars. Al-Muqtadir alipouawa mwaka 932 na al-Qahir akatawala, Ibn Muqla aliitwa akawa waziri kwa mara ya pili. Haukupita muda akaingia katika njama za kumwondoa khalifa huyo. Njama zikagunduliwa, akakimbia na kujificha. Akiwa mafichoni hakutulia. Aliendelea kuwachochea wakuu wa askari, mpaka mwaka 934 al-Qahir akapinduliwa na kupofushwa macho. Khalifa mpya, al-Radi, akamfanya waziri kwa mara ya tatu.

Wanahistoria wanasimulia kuhusu jumba alilolijenga na bustani yake kubwa iliyofunikwa kwa nyavu za hariri, ndani yake wakiwekwa ndege na swala. Inasemekana aliwaita wanajimu wamchagulie saa njema ya kuanza ujenzi. Jumba hilo lilichomwa moto, na saa njema haikulisaidia.

Kuna tukio moja la kipindi hiki ambalo vitabu vya historia havikuliacha. Mwaka 323 Hijria, sawa na 935, aliletwa mbele yake msomaji wa Qur'ani aitwaye Ibn Shanabudh, aliyekuwa akisoma kwa visomo vilivyokwenda kinyume na msahafu uliokubaliwa na umma. Katika suala lenyewe wanazuoni wa Baghdad, akiwemo Ibn Mujahid, walikuwa upande mmoja, na Ibn Shanabudh mwishowe alitia saini kwamba ameacha. Lakini kabla ya hapo waziri aliamuru mzee yule apigwe. Inasimuliwa kwamba akiwa chini ya kiboko, Ibn Shanabudh alimwomba Allah amkate waziri mkono.

Mkono

Uwaziri wa tatu uliisha mwaka 936. Dola ilikuwa imefilisika, magavana hawatumi tena kodi, na askari ndio wenye sauti. Mwaka huohuo khalifa alimpa madaraka makubwa Muhammad bin Raiq kwa cheo cha amiri wa maamiri. Uwaziri ukabaki jina tu. Ibn Raiq akazitwaa mali za Ibn Muqla na za mwanawe.

Ibn Muqla hakukubali. Alianza kuandika barua za siri. Alimwandikia khalifa akimshawishi amkamate Ibn Raiq, akataka pia nafasi hiyo apewe Bajkam, jemadari wa Kituruki. Zile barua zikawa ushahidi dhidi yake. Khalifa alimfikishia Ibn Raiq habari, na Ibn Muqla akakatwa mkono wa kulia.

Tabibu Thabit bin Sinan, aliyetumwa kumtibu gerezani, ndiye aliyesimulia hali yake. Inasemekana Ibn Muqla alilia na kulalamika kwamba mkono uliowahudumia makhalifa na kuandika Qur'ani nzima mara mbili umekatwa kama mkono wa mwizi. Walioisikia habari hiyo walikumbuka dua ya Ibn Shanabudh. Mimi si mtu wa kusema kwa yakini ipi ni adhabu ya nani. Elimu hiyo ni ya Allah peke yake. Lakini dua ya aliyedhulumiwa tumefundishwa tangu madrasa tuiogope.

Bado hakukoma. Inasimuliwa kwamba alifunga kalamu kwenye kigutu cha mkono akaendelea kuandika, na wengine wanasema alijizoeza mkono wa kushoto, na kwamba mwandiko ulitoka mzuri kama wa kwanza. Jambo hili limenifikirisha sana. Kama uzuri ungekuwa katika vidole, ungekatwa pamoja na vidole. Lakini yeye alikuwa ameuweka katika kipimo, na kipimo kilikuwa kichwani. Kwa bahati mbaya, alichoandika kwa kalamu ile iliyofungwa ni maombi ya kurudishiwa uwaziri.

Baadaye akakatwa na ulimi, akaachwa gerezani bila mtu wa kumhudumia. Wanasimulia kwamba alijitekea maji kisimani kwa kuvuta kamba kwa mkono uliobaki na kuishika kwa meno. Alifariki mwezi wa Shawwal mwaka 328 Hijria, sawa na Julai 940. Ibn Shanabudh naye alikuwa amefariki mapema mwaka uleule wa Hijria. Watu wa Baghdad walisema Ibn Muqla alikuwa waziri mara tatu, akawatumikia makhalifa watatu, akazikwa mara tatu. Kwanza alizikwa palepale alipofia, kisha jamaa zake wakamfukua wakamhamisha, kisha akahamishwa tena.

Kilichobaki

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Jumba lake halipo. Mali yake ilitwaliwa. Na cha ajabu kuliko vyote, leo hakuna hata ukurasa mmoja ambao wataalamu wamekubaliana kwamba bila shaka ni wa mkono wake. Mtu anayetajwa kuwa baba wa mwandiko mzuri hatuna mwandiko wake.

Hata hivyo kazi yake haikupotea. Takriban miaka 60 baada yake alikuwepo Baghdad kijana aliyeitwa Ibn al-Bawwab, maana yake mtoto wa bawabu. Alijifunza njia ya Ibn Muqla na kuilainisha. Inasimuliwa kwamba akiwa msimamizi wa maktaba ya mfalme Bahau al-Dawla huko Shiraz, alikuta juzuu 29 za Qur'ani zilizoandikwa na Ibn Muqla, zimetawanyika, na moja imepotea. Akamwahidi mfalme kuiandika ile iliyopotea. Alitafuta karatasi ya zamani humohumo maktabani, akaandika, akaipamba na kuijalidi kama zile nyingine. Mfalme alipozipitia zote 30 hakuweza kuitambua mpya. Kwangu mimi hakuna ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya kanuni: mwanafunzi ambaye hakuwahi kukutana na mwalimu aliweza kuandika kwa mkono wake. Msahafu mmoja alioukamilisha Ibn al-Bawwab Baghdad mwaka 391 Hijria upo mpaka leo katika maktaba ya Chester Beatty, Dublin.

Baada yake akaja Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki mwaka 1298. Yeye aliikata ncha ya kalamu kwa mshazari zaidi, herufi zikapata wembamba na unene unaopendeza. Inasimuliwa kwamba Wamongoli walipoivamia Baghdad mwaka 1258, alikimbilia kwenye mnara wa msikiti akaendelea na mazoezi yake ya mwandiko. Kutoka kwake mnyororo ukaenda Istanbul kwa mabingwa wa Kiothmani, na wanafunzi wa khati wanahesabu nukta mpaka hivi leo.

Halafu ikaja mashine. Herufi za Kiarabu huungana, na moja hubadilika umbo kutegemea iko mwanzo, katikati au mwisho wa neno, hivyo kuzitengeneza kwa risasi kulikuwa kazi ngumu. Ibrahim Müteferrika alitoa kitabu chake cha kwanza Istanbul mwaka 1729. Matbaa ya Bulaq ya Misri ilianza katika miaka ya 1820, na mwaka 1924 Cairo ikatoa msahafu maarufu uliopangwa kwa herufi za matbaa. Waliozichora herufi hizo walifuata naskhi, na naskhi hiyo imesimama juu ya uwiano. Fonti ya Amiri, ambayo wengi wetu tunayo kwenye kompyuta zetu, imefuata herufi za Bulaq. Kwa hiyo ukiweka aya kwenye bango la jumuiya kwa Amiri, unatumia kipimo kilichopita mikono mingi tangu Baghdad.

Sisi tunachukua nini?

La kwanza ni la kazi. Ukipita Nasser Road hapa Kampala utaona mabango mengi yenye vivuli, miale, dhahabu na maua, na maandishi yenyewe hayasomeki. Ibn Muqla anatufundisha kwamba uwiano hutangulia pambo. Chagua kipimo kimoja, kwa mfano urefu wa herufi za maandishi ya kawaida, kisha kichwa cha habari, nafasi kati ya mistari na pambizo zote zitokane nacho. Bango litatulia hata bila ua moja.

La pili ni la amana. Mwaka jana duka moja la uchapaji liliturudishia bango la futari likiwa na maneno ya Kiarabu yaliyokatika herufi moja moja na kusomeka kinyume. Programu haikuwa na uwezo wa kuunganisha herufi, na hapakuwa na mtu dukani aliyejua. Tuwe na vijana wanaojua. Neno la Allah halifai kutoka kwa umma wenye elimu hii yote likiwa limevunjika.

La tatu ni la nafsi. Ibn Muqla alikuwa na vitu viwili mkononi: kalamu ya elimu na kalamu ya cheo. Ya cheo aliishika mara tatu na kila mara ilimponyoka, na mwisho ilimpeleka mkono na ulimi. Ya elimu aliitoa, akawafundisha wengine namna ya kupima, na hiyo ndiyo inayomfanya atajwe hata hapa kwetu baada ya zaidi ya miaka elfu moja. Aliipa kila herufi haki yake, bila kuzidisha wala kupunguza. Lau angewapima watu kwa nukta ileile, pengine angemaliza umri wake akifundisha.

Wengi wetu tutahitimu karibuni, In shaa Allah. Wengine watapata ofisi, wengine watagombea uongozi, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini ukitaka kujua kitakachobaki, tazama ulichomfundisha mwenzako akaweza kukifanya bila wewe kuwepo.

Allah amrehemu Ibn Muqla, amsamehe makosa yake, amlipe kheri kwa kila juzuu iliyosomwa kwa herufi zilizopata kipimo kutoka kwake, na atujaalie sisi elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.